Taa ya Mkia wa Chombo cha Angani

Ile picha mliyonitumia kwa simu nimeiangalia kwa makini, nikaipa heshima yake, halafu nikacheka mpaka mkaza mwanangu akaja kuuliza kama nimepaliwa na chai. Msinune, vijana. Chombo chenu cha angani cha mfano ni kizuri. Mabawa yamenyooka, rangi imeshika, na aliyechonga ile pua ana mkono wa kazi, mwambieni nimesema. Lakini hizo taa! Mmekiwashia mbele, nyuma, juu, chini na tumboni, bluu, kijani na zambarau, kama hema la harusi. Halafu mnaniuliza kwa nini kwenye picha kinaonekana kitu cha kuchezea na si chombo kikubwa kilicho mbali sana.

Jibu ninalo. Ila si langu, ni la Mzee Kilambo, na siwezi kuwapa jibu la mtu bila kuwapa habari zake mwenyewe. Kwa hivyo vumilieni. Sisi wazee tukianza kusimulia tunapinda njia kama gari la moshi la Taveta, lakini tunafika.

Kwa wale wanaonijua tu kwa jina la Babu wa Maroketi, mimi ni Mwadime, na nilikuwa mtu wa taa pale stesheni ya Voi. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado ameshika nchi, na stima haikuwa kitu cha kila mlango. Taa za signali zilikuwa za mafuta ya taa. Taa za mkononi za magadi, wale walinzi wanaosafiri na gari, hali kadhalika. Zote zilipitia chumba chetu, kibanda cha mabati kilichonuka mafuta hata Jumapili. Kazi yetu ilikuwa kusugua vioo, kukata tambi na kujaza mafuta kabla jua halijaingia nyuma ya vilima.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Kilambo, mtu wa Mbololo, mrefu, mpole, mwenye masizi kwenye mistari ya viganja ambayo sabuni ilikuwa imekata tamaa nayo. Siku yangu ya kwanza niliwasha taa nikapandisha utambi mpaka mwisho, nikidhani nampendeza. Kioo kikawa cheusi hata kabla sijamaliza kutabasamu. Hakunigombeza. Aliushusha utambi polepole mpaka mwali ukawa mdogo na mweupe.

"Kijana yangu," akasema, "utambi mrefu haiongezi mwanga. Inaongeza moshi."

Kisha akanionyesha kile kifuniko cheusi kinachoizunguka lenzi ya signali. "Na hii kofia nyeusi unaona? Ukiitoa, dereva hataona taa. Ataona mwanga tu, hajui ya nini." Nikaitikia "Ndiyo, Mzee" vile watu wanavyoitikia kanisani. Sikuwa nimeelewa kitu.

Jambo lake jingine lilikuwa taa ya mkia. Nyuma ya behewa la mwisho la kila gari hutundikwa taa nyekundu. Si urembo. Gari likipita stesheni bila hiyo taa, huenda behewa limekatika likabaki njiani, na gari jingine linakuja nyuma yake. Basi Mzee Kilambo hakuwahi kuliacha gari lipite bila kulitazama mgongo. Alikuwa akitoka, anasimama wima, kichwa chake kinalifuata gari kutoka mwanzo mpaka mwisho, na akiiona ile nyekundu anainua mkono na kumwitia mtu wa signali: "Imepita yote!" Hata siku ambayo hayuko kazini, ametoka kanisani na Biblia kwapani, alisimama. Mkewe alikuwa akimwacha hapo na kutangulia nyumbani.

Sasa mwaka ukaja ambao Warusi walirusha chombo chao angani. Habari tuliipata kwa redio ya dukani pale sokoni, na kila aliyeisikia aliiongezea chumvi yake. Wengine walisema ni mpira, wengine wakasema ni nyumba. Ikasemekana jioni inaweza kuonekana, nyota inayotembea. Tulitoka stesheni nzima, makuli, makarani, akina mama wa ndizi, tukasimama tukiangalia juu mpaka shingo zikauma. Na kweli ikaja. Ilitokea upande wa Sagala, nyota ndogo isiyopepesa, ikitembea kama mtu mwenye safari yake. Watu walipiga kelele. Mimi nilisisimka mwili mzima, na nikiikumbuka bado nasisimka.

Mzee Kilambo alikuwa kando yangu. "Naiona," akasema. "Naiona, iko pale." Kidole chake kilikuwa kinaonyesha upande wa Mwatate, ambako hapakuwa na kitu.

Tulijua macho yake yanaingia ukungu, mtoto wa jicho, na kwamba alikuwa amekataa katakata kusikia habari za kisu karibu na jicho. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu arudi shambani. Lakini ukungu ni neno tu mpaka umwone mtu unayempenda akionyesha anga tupu.

Baada ya siku kadhaa mkewe, Mama Mghoi, alitujia chumba cha taa wakati mzee ametoka kwenda kwenye signali. Alikuwa mama mfupi mwenye maneno yaliyonyooka.

"Nyinyi vijana wa taa," akasema, "huyu mzee hakuona kitu. Watu wameniambia alionyesha Mwatate. Lakini nyumbani ananiuliza mimi hiyo kitu ilikuwa namna gani, na mimi nilikuwa jikoni! Ananiuliza dereva anakaa wapi. Usiku hageuki upande mwingine, anaangalia ukuta tu. Sasa nyinyi si mnajua mambo ya taa? Mtengenezeeni yake. Aione kabla macho haijafunga kabisa."

Ombi la mama kama huyo halijadiliwi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mutua, fundi wa mabati aliyetoka Ukambani, rafiki yangu, aliyekuwa akitengeneza karai na koroboi kando ya soko na kutulehemia taa zetu zikitoboka. Nikamweleza. Mutua alikuna kichwa kwa nyundo, ndiyo tabia yake, akasema, "Yaani kitu ambacho Wazungu wazima wamehangaika nacho, wewe unataka mimi nitengeneze hapa kati ya kuku na nyanya? Haya. Leta bati."

Hapa ndipo mtoe kalamu.

Kwanza, kabla ya kukata chochote, amueni mtu wa ndani ana ukubwa gani. Sisi tulikuwa tumeanza kubishana juu ya urefu wa chombo, mkono mmoja au mikono miwili, na Mama Mghoi alikuwa ameketi pale akichagua mchele. Akatupa punje moja juu ya meza ya Mutua. "Dereva wenu huyo," akasema. Tangu siku hiyo sijawahi kutumia kipimo kingine. Mlango uwe mrefu kuliko punje, kidogo tu. Ngazi, hatua zake zitoshe mguu wa punje. Dirisha liwe pale punje ikisimama inaweza kuchungulia. Chombo kinakuwa kikubwa kwa sababu ya udogo wa vitu vinavyomhusu mtu. Nyinyi mna mashine inayochapa plastiki, lakini nimeona mlango wenu unaweza kupitisha ng'ombe.

Mwili wa chombo tuliuchonga kwa mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge uliozeeka. Mashamba ya Mwatate yalikuwa yamejaa milingoti hiyo. Ukiukausha kivulini unakuwa mwepesi kama mkate, unachongeka hata kwa kipande cha chupa. Ulaini wake si mzuri, una vinyweleo, kwa hivyo unaufunika kwa gazeti na gundi ya unga wa ngano, unaacha ukauke, unapiga msasa, unafunika tena. Gundi hiyo itieni maji ya mwarobaini. Chombo changu kimoja cha miaka ya baadaye, nilichowafanyia watu wa maonyesho, kililiwa bawa zima na panya, nikalazimika kuwaambia wageni kuwa ndivyo kilivyoundwa.

Vitu vidogovidogo vya juu ya mwili, mabomba, vifuniko, vishikio, tulivitoa tulikovipata: gurudumu la saa mbovu, vijicho vya viatu, vifungo vya kubana vya gauni. Mutua alitaka kuvijaza kila mahali. Nilimwambia aangalie kichwa cha gari la moshi. Mabomba yako pale yanapohitajika, na kwingine ni chuma kitupu. Jicho nalo linahitaji mahali pa kukaa kitako. Mistari ya kuigiza maungio ya mabati mnaichora kwa sindano, mnasugua masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, kisha mnafuta kwa kitambaa. Masizi yanabaki ndani ya mstari peke yake. Ukisahau kufuta, umepaka chombo tope.

Taa sasa. Hapo ndipo tulipoaibika.

Mimi kwa ujuaji wangu nilisema, sisi ni watu wa utambi, tutatia koroboi ndogo ndani, madirisha yawake kwa moto halisi. Tuliijaribu mbele ya kibanda cha Mutua. Mlingoti wa mkonge ni mwepesi kwa sababu ndani ni kavu tupu, na kitu kikavu mkikiletea moto hakiulizi maswali. Madirisha yaliwaka vizuri mno. Kisha mlango ukawaka, kisha pua, kisha Mutua akamwagia chombo uji wake wa asubuhi, na kuku wakaja kula kilichobaki. Mama mmoja wa nyanya alituuliza kama ndivyo Warusi walivyofanya.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulichonga kingine. Safari hii tulikomba ndani kikawa kitupu, tukakitandika ile karatasi ya kung'aa ya masanduku ya majani chai ili mwanga usipenye mwilini, tukatia balbu za tochi. Nyingi. Kila mtu tuliyemjua alibaki bila tochi. Tukazipanga mbele, nyuma na ubavuni, tukakipaka rangi nyeupe, na nje tukaongeza taa mbili za reli zikikimulika. Mutua alikiita "Krismasi".

Mzee Kilambo tulimketisha kwenye debe la mafuta pale chumba cha taa, Mama Mghoi kando yake na kikapu mapajani. Tukawasha. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu. Macho yalijaa maji, akayapepesa, akageuza uso kidogo kama mtu aliyepigwa na jua.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, vijana wangu. Naiona."

Ilikuwa sauti ileile ya siku ya nyota, na macho yake yalikuwa kwenye fremu ya mlango. Mama Mghoi alibeba kikapu chake akatoka bila kuaga. Uchungu nilioupata hapo, sijui niulinganishe na nini. Tulikuwa tumemlazimisha mtu mwema kusema uongo mara ya pili.

Mutua alisema tuongeze balbu. Na mimi nilikuwa upande wake, nawaambia ukweli. Lakini kesho yake nilikuwa nikiwasha taa ya signali, na mawazo yakiwa mbali nikapandisha utambi kupita kiasi. Kioo kikaanza kuwa cheusi. Mkono wangu wenyewe ukashusha utambi, kwa mazoea, na mwali ukawa mdogo, mweupe, umetulia ndani ya ile kofia nyeusi. Nikabaki na mkono hapo hapo kwenye taa. Utambi mrefu haiongezi mwanga. Dereva ataona mwanga tu, hajui ya nini. Mwenyewe alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza namna ya kumwonyesha kitu mtu aliye mbali, na yeye sasa ndiye aliyekuwa mbali.

Nilikimbia mpaka sokoni na aproni yangu ya kazi. "Toa balbu!" nikamwambia Mutua. "Toa zote!"

"Umelogwa?" akauliza, lakini akazitoa.

Tulikipaka chombo rangi ya majivu, isiyong'aa hata kidogo. Nyuma yake tukaning'iniza magunia tuliyoyapaka masizi mpaka yakawa meusi kama kisima. Taa ya nje ikabaki moja tu, ubavuni, ndani ya kofia ya signali, ili mwanga utoke upande mmoja kama jua linavyotoka upande mmoja, na upande wa pili wa chombo umezwe na giza. Msiogope kupoteza nusu ya kazi yenu gizani. Jicho la mtu litaimalizia lenyewe. Kwenye chumba cha dereva tukaacha balbu moja iliyofichwa pembeni, na dirisha tukaliziba kwa karatasi iliyopakwa mafuta, mtu aone mwanga asione balbu. Humo tukasimamisha punje yetu ya mchele.

Tulipomaliza, nilitazama nyuma ya chombo, nikahisi nimesahau kitu. Nikaokota kipande cha kioo chekundu cha lenzi iliyovunjika, nikatoboa tundu, nikatia balbu ya pili.

Mutua alicheka hadi akakaa chini. "Mwadime, huko juu nani atakuja kumgonga nyuma?"

"Sijui," nikasema. "Lakini siwezi kutoa gari bila mkia."

Siku ya pili ya maonyesho ilikuwa mchana, tumefunga mlango wa chumba cha taa na kuziba kila ufa. Mzee alikaa kwenye debe lake. Hakutaka kuja, Mama Mghoi ndiye aliyemleta kwa kumshika mkono wa koti. Chombo kilikuwa kinaning'inia kwenye waya mwembamba, na Mutua alikuwa nyuma ya magunia akikivuta polepole, ukucha kwa ukucha. Mwendo nao ni taa. Kitu kikubwa hakina haraka.

Pua ikatokea gizani upande wa kushoto. Mzee hakusema "nzuri". Kisha nikaona kichwa chake kinageuka. Kilikifuata chombo, taratibu, vile kilivyokuwa kikilifuata kila gari lililopita Voi, na hapo hapakuwa na haja ya kumwuliza. Akasimama wima. Dirisha la dereva likapita mbele yake, mwili ukapita, bawa likapita, halafu ikaja ile nyekundu.

Mzee Kilambo aliinua mkono juu. "Imepita yote!" akaita kwa sauti yake ya stesheni, na mtu wa signali, huko kwenye kibanda chake, akaitikia bila kujua anaitikia nini.

Mama Mghoi alicheka huku akilia. Mutua alitoka nyuma ya magunia mweusi kama sufuria, akanishika shingo. Mzee naye, mkono bado uko juu, akauliza, "Na huyu dereva, mbona amesimama? Hana kiti?" Ikabidi tutengeneze kiti.

Basi jibu lenu ndilo hilo. Zimeni. Acheni jua moja, dirisha moja na mkia. Giza mlitengeneze kwa bidii ileile mnayotengenezea mwanga. Nimetengeneza vyombo vingi baada ya hicho, vya shule, vya madirisha ya maduka, na kila kilichonishinda, kilinishinda kwa kuongeza, si kwa kupunguza.

Mzee alipostaafu tulimpa chombo chake. Alikitundika dirishani huko Mbololo, na Mutua akamfungia swichi ya bati ili jioni ajiwashie ule mkia. Mimi nilikuwa napanda kuwatembelea nikipata nafasi. Safari moja nilikuta macho yamefunga kabisa. Alinijua kwa harufu ya mafuta ya taa, akafurahi. Giza lilipoanza kuingia, akageuza uso upande wa dirisha.

"Mkia upo?" akauliza.

"Upo," akajibu Mama Mghoi, akimenya viazi, bila hata kuangalia.

Mimi niliangalia. Hapakuwa na mwanga wowote. Mama akanikazia macho. Nilipotoka naye kuchota maji, aliniambia betri zilikufa zamani na duka liko chini mbali. "Kila jioni ananiuliza, na mimi kila jioni namwambia upo. Mungu atanisamehe, nitafanya nini?"

Tuliporudi ndani nilifungua tochi yangu, nikatoa betri, nikakwangua kutu ya kwenye waya kwa ukucha, nikazifunga, nikabonyeza ile swichi ya bati. Ikalia tik.

Mzee akainua kichwa. "Kumbe ilikuwa imezima," akasema. Kisha, polepole, akatabasamu. "Na wewe mama ukanidanganya."

"Wewe ndiye ulianza," akasema Mama Mghoi, "na ile nyota yako ya Mwatate."

Alicheka mzee yule mpaka akashika mbavu, na mkewe akacheka naye, na mimi nikaaga nikiwa bado nacheka. Njia ya Mbololo ina mawe, na tochi yangu haikuwa na kitu ndani. Nilishuka kwa kupapasa, mguu mmoja baada ya mwingine. Pale kwenye kona niligeuka, nikaiona ile nukta nyekundu dirishani. Nikainua mkono, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona, kisha nikaendelea kushuka.